Kichaa cha Mbwa Chini ya Kilimanjaro: Historia ya Hesabu Iliyokosewa

Bomang'ombe iko pale mlima unapokutana na tambarare. Msafiri anayetoka Moshi kwenda Arusha huifikia kabla ya njia panda ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA). Mkono wake wa kulia barabara inachepuka kupanda Sanya Juu na Siha, na juu zaidi ndiko Machame na Masama, kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Mkono wa kushoto ardhi inateremka kuelekea Rundugai, nchi ya mahindi, mifereji na malisho ya wafugaji. Mji wenyewe ni makao makuu ya Wilaya ya Hai, na kila aina ya mbwa wa mkoa huu anaonekana hapo: mbwa wa kihamba anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku, mbwa wa Wamaasai anayefuata mbuzi, na yule wa mabuchani ambaye kila mtu anamlisha lakini hana mwenyewe.

Katika mazingira hayo kichaa cha mbwa kimekuwa ugonjwa wa nadra machoni pa watu. Malaria kila kaya inaijua. Kichaa cha mbwa husikika mara moja, tena kijiji cha wenzetu, kisha miaka inapita kimya. Daktari anaweza kufanya kazi muda mrefu asikutane na mgonjwa hata mmoja, na atakayekutana naye hatamsahau: mtu mwenye akili zake timamu, ana kiu kali, lakini kikombe cha maji kikisogezwa koo linakaza na mwili mzima unashtuka. Dalili hizo zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa ndani ya siku chache.

Unadra huo umepotosha watu mara mbili. Mara ya kwanza ulichukuliwa kuwa ushahidi kwamba ugonjwa haupo, kumbe hapakuwa na anayehesabu. Mara ya pili, pale chanjo ilipofanya kazi, ulichukuliwa kuwa ushindi, na chanjo ikalegezwa. Walioumia zaidi ni watoto. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kati ya kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kumbukumbu za maandishi zinaanza karne iliyopita. Kenya ilithibitisha kichaa cha mbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi. Tanganyika iliandikisha tukio lake la kwanza mwaka 1932. Miaka hiyo inaonyesha ni lini maabara ilitamka neno. Haisemi ugonjwa uliingia lini.

Kuthibitisha hakukuwa kazi ndogo. Mwaka 1903 Mwitaliano Adelchi Negri alieleza vidoa vinavyoonekana kwa hadubini ndani ya seli za ubongo wa mnyama aliyekufa kwa kichaa, na kwa miongo kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kupima. Ilihitaji ubongo usioharibika. Maabara kuu ya mifugo ya Tanganyika ilikuwa Mpwapwa, mamia ya kilomita kutoka Kilimanjaro. Mbwa aliyeng'ata mtoto mlimani ilibidi auawe bila kupondwa kichwa, kichwa kikatwe, kitunzwe kisioze, kisha kisafirishwe. Mbwa aliyepigwa marungu na kufukiwa chini ya mgomba hakuingia kwenye daftari la mtu yeyote, na mara nyingi hata aliyeng'atwa hakuingia.

Hatua zilizozoeleka zama hizo zilikuwa kuwafungia mbwa na kuwaua wazururaji, na mtindo huo uliendelea hata baada ya uhuru. Haukuzaa matunda. Mbwa wakiuawa mtaa mmoja, watoto wa mbwa huletwa kutoka mtaa mwingine kwa sababu wenye nyumba bado wanahitaji walinzi. Wageni hao huja bila chanjo, na baadhi huja na ugonjwa. Wanasayansi waliochunguza vinasaba vya virusi vya kichaa Afrika Kaskazini walionyesha mwaka 2010 kwamba ugonjwa husambaa kwa kufuata umbali wa barabara kuliko umbali wa moja kwa moja, maana yake mbwa husafiri na watu. Kwa mji uliokaa kwenye njia panda kama Bomang'ombe, ambako malori ya mahindi, ng'ombe na vitunguu hupita usiku na mchana, hilo ni jambo la kuwekwa akilini.

Tiba nayo ina historia yake. Tarehe 6 Julai 1885, jijini Paris, Louis Pasteur alisimamia kuchanjwa kwa Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa vibaya na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Mwaka 1911 daktari David Semple, akifanya kazi Kasauli nchini India, akatengeneza chanjo ya ubongo wa kondoo iliyotumika miaka mingi katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza. Sindano zake ndizo zilizojenga hofu ambayo wazee wanaisimulia hadi leo: moja kila siku, tumboni, kwa wiki mbili au zaidi, na chanjo yenyewe iliweza kuleta maradhi ya mishipa ya fahamu. Si ajabu mzazi aliyekuwa na safari ndefu kwenda hospitali alichagua pilipili, mafuta, mkaa au nywele za mbwa zilizochomwa na kupakwa kwenye kidonda.

Zama za sindano hizo zilikwisha pale chanjo zilizooteshwa kwenye seli zilipopatikana. Mwaka 1976 ilichapishwa taarifa kutoka Iran ya watu 45 waliong'atwa na mbwa na mbwamwitu wenye kichaa. Wote walipewa chanjo mpya, wote wakapona. Leo sindano huchomwa begani, na mpango mfupi uliopendekezwa na WHO mwaka 2018 una siku tatu tu za kuhudhuria: siku ya kwanza, siku ya tatu baada yake na siku ya saba.

Kwa hiyo tiba ilikuwepo. Kilichokosekana ni hesabu ya kumfanya mpangaji wa bajeti ainunue.

Hapo ndipo Hai yenyewe inapoingia katika historia ya afya ya Tanzania. Kuanzia mwaka 1992, Wizara ya Afya pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza waliendesha mradi wa kufuatilia maradhi na vifo vya watu wazima katika maeneo matatu: Dar es Salaam, Morogoro Vijijini na Hai. Wahesabuji walipita nyumba hadi nyumba. Kila palipotokea kifo, mhojaji aliyefunzwa alikaa na wafiwa na kuuliza marehemu aliugua vipi, alianza na nini, alikwenda wapi kutibiwa. Majibu yalisomwa na madaktari, nao wakaamua sababu ya kifo. Njia hiyo ilifunua ukweli mmoja mzito: Watanzania wengi walifia nyumbani, na vifo vyao havikuwa kwenye vitabu vya hospitali.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao wagonjwa wake hufia nyumbani kuliko wa magonjwa mengine mengi. Familia ikishaambiwa hakuna dawa, humrudisha mgonjwa kijijini. Wengine hupelekwa kwa mganga kwa kuwa mkanganyiko na vurugu za mgonjwa hufanana na mambo ya mapepo. Na hata waliofia wodini huweza kuandikwa jina lisilo lao. Utafiti wa hospitali ya Blantyre, Malawi, uliochapishwa 2007, ulichunguza watoto 26 waliokufa wakidhaniwa kuwa na malaria ya ubongoni. Watatu kati yao walikuwa na kichaa cha mbwa.

Mwaka 2002 jarida la WHO lilichapisha makisio ya Tanzania yaliyofanywa na Sarah Cleaveland na wenzake. Badala ya kuhesabu vifo, walianza na majeraha: watu wangapi huumwa na mbwa wanaoshukiwa, wangapi hupata chanjo, jeraha liko sehemu gani ya mwili, na uwezekano wa kufa ni kiasi gani. Takwimu rasmi za miaka ya 1990 zilionyesha wastani wa vifo visivyofika 11 kwa mwaka nchi nzima. Makisio yaliyotokana na ufuatiliaji wa vijijini yalitoa vifo 1,499 kwa mwaka, zaidi ya mara 100 ya idadi iliyoandikwa. Ugonjwa uliokuwa ukiitwa adimu ulikuwa ukiua karibu watu wanne kila siku.

Ushahidi wa kinachofanya kazi ulitoka magharibi ya Kilimanjaro, upande wa pili wa mbuga ya Serengeti. Mbwa mwitu waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti Serengeti walitoweka mwaka 1991, na kichaa kilikuwa kimethibitishwa miongoni mwao. Wanyama hao si wageni wa mlima huu pia: mwaka 1962 msafiri Wilfred Thesiger aliwakuta mbwa mwitu watano karibu na kilele cha Kibo, juu ya theluji. Wanakoishi jirani na binadamu, mbwa wa nyumbani ndio huwapelekea maradhi.

Katika Wilaya ya Serengeti, kati ya mwaka 1996 na 2001, mbwa walichanjwa kijiji kwa kijiji hadi kufikia kati ya asilimia 61 na 74 ya mbwa wote. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa kwa mbwa kilishuka kwa asilimia 70, baada ya ya pili kwa asilimia 97. Watu walioumwa na mbwa wanaoshukiwa wakapungua nao. Hapakuwa na sindano ya binadamu wala risasi iliyofanya hivyo.

Daktari wa mifugo Mtanzania Magai Kaare, aliyefariki 2008, aliendeleza kazi hiyo kwa swali la vitendo: ni namna gani mbwa wa vijijini hufikiwa kwa gharama inayobebeka? Matokeo yaliyochapishwa 2009 yanaisemea Hai kana kwamba yaliandikwa kwa ajili yake. Kwa wakulima wanaoishi karibu karibu, kituo kimoja cha kijiji kinatosha, na gharama ilikuwa chini ya dola mbili za Marekani kwa mbwa. Kwa wafugaji wanaoishi mbalimbali, kituo kimoja huacha mbwa wengi nyuma, na lazima mchanjaji afuate maboma. Hai ina maisha yote mawili ndani ya wilaya moja. Kampeni inayofanikiwa Machame inaweza kushindwa Rundugai, na mbwa wa huku na huku hukutana Bomang'ombe.

Siku ya chanjo kijijini ina sura yake. Tangazo hupita siku moja kabla kwa kipaza sauti au kanisani na msikitini. Asubuhi watoto ndio hufika kwanza, kwa kuwa katika nyumba nyingi mbwa ni wa watoto: wanamvuta kwa kamba ya katani, kwa kipande cha khanga, kwa mnyororo wa baiskeli. Afisa mifugo amekaa chini ya mti na kisanduku chenye barafu. Mwenye mbwa humbana kati ya magoti na kumshika masikio, sindano inapita chini ya ngozi ya shingo, jina la mwenye mbwa linaandikwa, kadi inatolewa. Wanaokosekana huwa walewale: mbwa mkali asiyeshikika, watoto wa mbwa ambao wenyewe wanadhani ni wadogo mno kuchanjwa, na yule wa mabuchani.

Barafu nayo imekuwa kikwazo. Kwa miaka mingi kijiji kisicho na friji kilisubiri gari la wilaya, na gari lisipopata mafuta hapakuwa na chanjo. Utafiti uliochapishwa 2016, ukiongozwa na Felix Lankester, ulionyesha kuwa chanjo moja inayotumika sana kwa mbwa hubaki na nguvu ikikaa miezi sita kwenye nyuzijoto 25, au miezi mitatu kwenye nyuzijoto 30. Watafiti wa Tanzania, akiwemo Ahmed Lugelo, wakachukua maarifa ya mtungi wa maji. Walijaribu vyombo vya udongo vinavyopozwa na maji yanayokauka taratibu ukutani, na wakaona kuwa chanjo inaweza kutunzwa kijijini, mikononi mwa mtu wa kijiji, ikatumika mwaka mzima badala ya siku moja.

Mbwa ndiye anayesababisha takriban asilimia 99 ya vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa, lakini nyumbani si yeye peke yake aliye hatarini. Paka anayewinda usiku anaweza kung'atwa bila mwenyewe kujua. Katika kihamba, ambako ng'ombe wa maziwa hufugwa bandani, hatari hujificha kwenye huruma. Ng'ombe anaacha kula, anatoa udenda, anashindwa kumeza, na mwenye ng'ombe anadhani amekwamwa na gunzi au kipande cha mgomba. Anakunja shati na kuingiza mkono hadi kooni kutafuta. Ikiwa ni kichaa, ameuzamisha mkono wenye michubuko ndani ya mate yenye virusi. Madaktari wa mifugo huonya: ng'ombe asiyemeza na anayelia kwa sauti isiyo yake asichunguzwe mdomo kwa mikono mitupu.

Kuna pia matukio ya nadra kwelikweli. Oktoba 2007, katika kambi ya watalii ya Tsavo Magharibi, upande wa Kenya wa mlima huu huu, popo alimkwaruza mtalii kutoka Uholanzi usoni. Alisafisha jeraha lakini hakupata chanjo. Alirudi kwao, akaugua, na akafariki kabla ya mwaka kwisha. Virusi vilikuwa vya Duvenhage, ndugu wa karibu wa vile vya mbwa. Mei 2009, fungo mwenye dalili za kichaa alimshambulia mtoto katika eneo la Ikoma, Serengeti, akauawa na askari wa wanyamapori. Jeraha la mtoto lilioshwa, akachanjwa, na hakuugua. Vipimo vya maabara vikaonyesha aina ya virusi ambayo haikuwahi kuonekana, ikaitwa Ikoma. Mwaka huohuo aina nyingine ilipatikana kwa popo wa pango la Shimoni, pwani ya Kenya.

Matukio hayo huvutia vyombo vya habari, nayo yana somo lake: mkwaruzo wa popo upelekwe hospitali sawa na jeraha la kung'atwa na mbwa. Hata hivyo bajeti ikienda kuwakimbiza popo, mbwa wa stendi atabaki bila chanjo.

Kwa aliyeng'atwa, kinachotangulia ni maji na sabuni. WHO inaelekeza jeraha lioshwe kwa dakika 15, maji yakitiririka, kabla ya safari ya hospitali. Virusi hukaa kwanza kwenye msuli na kuingia polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Safari hiyo huchukua wiki hadi miezi, na ndiyo muda ambao sindano inaweza kuwahi. Kikwazo ni fedha. Utafiti uliochapishwa 2013, ukiongozwa na Maganga Sambo, ulikadiria kuwa mkazi wa kijijini Tanzania hutumia zaidi ya dola 100 kumaliza dozi, ukijumlisha nauli na siku za kazi zilizopotea. Familia iliyouza mbuzi kulipia sindano ya kwanza huweza kusita kwenye ya tatu, kidonda kikiwa kimeshapona kwa nje.

Upande wa mafanikio, kipo kisiwa cha Pemba. Chanjo ya mbwa ilianza huko mwaka 2010 sambamba na wilaya za kusini mashariki mwa Tanzania Bara, chini ya mradi wa WHO uliofadhiliwa na Wakfu wa Bill na Melinda Gates. Kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka kisiwani. Mwaka 2016 ukarudi, na vinasaba vya virusi vilionyesha kuwa uliletwa kutoka nje. Ulikuta mbwa wengi waliozaliwa baada ya kampeni za mwisho, ukasambaa. Ililazimu kampeni mpya, na kufikia mwisho wa 2018 Pemba ikawa safi tena. Kama kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliingiliwa hivyo, wilaya yenye barabara kuu katikati haina ukuta wowote isipokuwa mbwa wake waliochanjwa.

Hesabu ya Serengeti inaeleza kwa nini ugonjwa huu haukomi kirahisi. Watafiti waliofuatilia kila tukio kuanzia 2002 hadi 2015 waliandika zaidi ya wanyama 3,000 wenye kichaa, lakini katika mwezi wowote ule mbwa wagonjwa hawakuzidi asilimia 0.15 ya mbwa wote. Mbwa mgonjwa kwa wastani huambukiza mbwa mmoja na ushee, kisha hufa. Ugonjwa huo huishi kwa kuwa adimu. Haujai mtaani kiasi cha kumshtua mtendaji wa kata, wala haumaliziki kabisa.

Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, na tangu 2024 shirika la Gavi limefungua mlango wa kuzisaidia nchi kununua chanjo za watu waliong'atwa. Kwa Hai, kazi iliyobaki ni ya kila mwaka na inajulikana. Kampeni hulenga asilimia 70 ya mbwa kwa sababu baada ya hapo wengine hufa na wengine huzaliwa, na kinga ya jumla hushuka mwezi hadi mwezi. Kufikia kampeni inayofuata inapaswa isiwe imeanguka chini ya asilimia 20 hadi 45, kiwango ambacho kwa makisio ya watafiti wa Serengeti virusi hukosa pa kwenda. Mwaka mmoja ukirukwa kwa hoja kwamba hakuna mgonjwa aliyeripotiwa, watoto wa mbwa waliozaliwa mlimani na tambarare katika miezi hiyo watakuwa wakubwa, hawana chanjo, na wengi wao watapita Bomang'ombe.